Ndege Nyuma ya Makaburi

Ijumaa jioni, maji yakiwa yanajaa, Ripeka alipeleka taulo kwenye kibanda cha mwisho, kile kinachoelekea mikoko. Taulo za kibanda hicho alikuwa ameshazipeleka asubuhi. Huhana, wifi yake, alikuwa anaanua mashuka kwenye kamba. Alimwona, na hakuweza kujizuia.

“Wifi, huyo fundi miwani wako anaoga mara ngapi kwa siku?”

“Huhana, anua mashuka.”

“Nauliza tu mimi. Naona taulo za nyumba nzima zimehamia kwake. Wageni wengine wajifute na nini, mapazia?”

Ripeka alihisi tabasamu linamtoroka. Ulikuwa umepita muda mrefu tangu mtu amtanie. Tangu lori la maziwa la mumewe Tamihana lilipopinduka kwenye kona ya darajani, miaka miwili iliyopita, watu wa Oruawai, kijiji chao cha pwani, walikuwa wamezoea kusema naye kwa sauti ya chini, kana kwamba naye alizikwa siku ile.

Mlango ulifunguka kabla hajagonga.

“Taulo tena?” Euan aliuliza.

“Pokea, usiulize.”

“Nikirudi mjini Hamilton nitafungua duka la taulo.”

Alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye nywele za rangi ya mchanga uliolowa, na alikuwa na namna ya kukutazama machoni kwa utulivu mno, kama mtu anayetafuta kosa kwenye kioo. Ilikuwa ndiyo kazi yake. Alipima macho ya watu na kuwatengenezea miwani. Mara ya kwanza alikuja Oruawai na kundi la wapenda ndege, kama wote wanaokodi vibanda vya Mama Mereana, mama mkwe wa Ripeka, mwisho wa kiangazi. Wanakuja kupunga hewa ya bahari, kutembea ufukweni, kula mkate wa moto, na zaidi ya yote kuwaaga kuaka, ndege wa miguu mirefu wanaonenepa pale pwani kabla ya kuruka hadi Alaska bila kutua. Kundi lile liliondoka Jumapili. Ijumaa iliyofuata Euan alirudi peke yake, akasema amesahau kofia. Kofia ilikuwa kichwani mwake. Mama Mereana aliiona, akamtazama mkwe wake, akaingia jikoni.

“Vaa viatu vya matope,” Ripeka alimwambia sasa. “Na hiyo darubini yako kubwa ichukue. Nataka kukuonyesha kitu.”

Hawakupita njia ya wageni, ile inayokwenda kwenye kibanda cha kutazamia ndege. Walizunguka upande wa pili, wakafuata ua wa makaburi ya ukoo kwa nje, Ripeka mbele, Euan nyuma na stendi ya darubini begani. Mwisho wa ua, ardhi ilishuka, na hapo palikuwa na tuta refu jeupe la makombe ambalo bahari imelirundika miaka na miaka. Maji yakijaa na matope yote yakafunikwa, ndege hubanana pale juu, wakasimama kwa mguu mmoja, wakisubiri.

“Lala kifudifudi,” alimnong’oneza.

“Hapa?”

“Unaogopa kuchafuka?”

Walilala bega kwa bega kwenye majani ya ufukweni. Kuaka walikuwa mamia, matumbo mekundu kama udongo wa tanuri, wamenenepa hadi shingo zimepotea. Pembeni yao walikuwa vitwitwi wadogo, wakikimbiakimbia kama watoto walioachiwa chumba. Ripeka aliielekeza darubini, akaitengeneza, akajisogeza.

“Huyo aliyesimama karibu na ule mti uliokauka. Subiri ageuke.”

Euan alitazama. Kisha Ripeka akasikia pumzi yake inakatika.

“Mdomo wake,” alisema. “Ripeka, mdomo wake!”

“Kama kijiko. Najua.”

“Huyu ndege hajawahi kuonekana nchi hii. Hajawahi. Unaelewa? Duniani kote wamebaki wachache sana...”

“Yuko hapa tangu juzi. Tuliomwona ni mimi na Mama tu. Na sasa wewe.”

Aliinua uso kutoka kwenye darubini. Macho yake yalikuwa na machozi, na hakuyaficha. Aliutafuta mkono wake pale kwenye majani, akaushika. Ripeka aliuacha mkono wake ushikwe. Ulikuwa mkono wenye joto, na kwa muda alisahau kila kitu isipokuwa joto lile.

“Kwa nini mimi?” Euan aliuliza.

“Sijui. Nilipomwona, niliwaza ungesema nini.”

“Njoo Hamilton, Ripeka. Sisemi kesho. Lakini njoo.”

Aliutoa mkono. Kutoka walipolala, kupitia mbao za ua, aliliona kaburi la mumewe. Halikuwa na jiwe. Lilikuwa rundo la makombe tu, meupe, masafi, kwa sababu kila wiki Mama Mereana alikwenda na ndoo kuongeza mengine.

“Jiwe la kaburi halijafunuliwa,” alisema. “Mpaka ukoo ukusanyike, jiwe lisimikwe, kitambaa kinacholifunika kivutwe, tulie kilio cha mwisho, mimi bado ni mke wa mtu. Unalijua hilo.”

“Kwa kawaida si mwaka mmoja?”

“Mmoja. Ukizidi, miwili.”

“Sasa mnasubiri nini?”

“Mwulize Mama. Mwaka jana alisema mvua. Mvua ikaisha, akasema kaka yake yuko Australia, asubiriwe. Kaka akaja, akala, akarudi. Sasa anasema paa la ukumbi wa ukoo linavuja.”

“Linavuja?”

“Linavuja tangu nilipoolewa.”

Walicheka wote wawili, kisha Euan akaacha. “Na wewe mwenyewe? Unataka lifunuliwe?”

Kuaka mmoja alitoa sauti, wengine wakamwitikia.

“Siku nyingine nataka. Siku nyingine nawaza kwamba baada ya hapo sitakuwa mke wake tena, na nashukuru kwamba paa linavuja.”

Hakumwambia asimtaje ndege yule kwa mtu. Haikumjia akilini kwamba jambo kama lile linahitaji kusemwa.

*

Asubuhi kulikuwa hakujapambazuka vizuri Huhana alipougonga mlango wake kwa kiganja kizima. Alikuwa na nguo za kulalia na mabuti ya mpira.

“Amka! Ripeka, amka! Kuna watu kwa kaka, makaburini!”

“Watu gani?”

“Watu! Magari yamejaa barabara nzima hadi kwenye zizi la akina Hetaraka. Wako ndani ya ua, wifi. Wako ndani!”

Ripeka alikimbia na shuka alilojifunika begani na miguu mitupu. Umande ulikuwa baridi. Alipofika kwenye kona ya ua aliwaona: wanaume na wanawake wenye koti za kijani na kahawia, darubini zimepangwa kwenye ua kama bunduki, wengine wameegemea nguzo, wengine wamevuka kwa sababu ndani ya makaburi ndiko kulikoinuka na kuonekana vizuri. Hawakuwa na kelele. Walisema kwa minong’ono, kwa adabu yote, kama watu walioko kanisani. Adabu ile yote ilikuwa ya ndege.

Katikati yao, juu ya rundo la makombe meupe, alikaa mwanamke mmoja mnene mwenye kofia ya sufu. Alikuwa anakula mkate wenye yai. Kikombe chake cha chai alikuwa amekichimbia kidogo kwenye makombe ili kisimwagike.

Ripeka alisimama. Chakula makaburini, hata mtoto wa Oruawai aliyejifunza kutembea jana anajua ni mwiko. Mtu akitoka mle ananawa mikono kabla hajagusa hata maji ya kunywa. Na huyu alikuwa anatafuna, juu ya kifua cha Tamihana.

“Mama,” alisema mwishowe. “Tafadhali, simama.”

Yule mwanamke aligeuka akitabasamu. “Oo, samahani mpenzi, nimekuziba? Njoo, ukisimama hapa unamwona...”

“Simama! Umemkalia mume wangu!”

Watu wote waligeuka. Mwanamke alitazama chini, akatazama makombe, akatazama makaburi mengine yenye mawe yao na majina yao. Uso wake ulibadilika polepole, na mkate ukamwanguka mkononi.

“Mungu wangu. Nilidhani... Hakuna jiwe. Nilidhani ni tuta tu la makombe. Kama yale kule chini. Naapa, nilidhani ni tuta tu.”

Alianza kulia. Alipiga magoti akawa anaokota makombo ya yai kati ya makombe, moja moja, na kadiri alivyookota ndivyo yalivyozidi kuzama.

Hapo ndipo Ripeka alipomwona mama mkwe wake. Mama Mereana alikuwa amefika kabla ya Ripeka na Huhana. Alisimama langoni na ndoo yake ya makombe mapya, kitambaa cheusi kichwani. Alikuwa amesikia. Midomo yake ilikuwa inarudia maneno ya yule mwanamke bila sauti.

Aliyewatoa watu ni Huhana. Hakuhitaji msaada.

“Haya, tokeni! Wote! Wewe mwenye ndevu, hilo unaloliegemea ni jiwe la babu yangu, si kaunta ya baa! Bwana, usinielezee habari za ndege, ndege tunao tangu hujazaliwa! Bomba liko pale langoni, kila mtu anawe mikono, na asiyenawa mabaya yake yamfuate kwao!”

Walitoka, wakapanga foleni wakanawa, wengine hawakujua kwa nini wananawa. Kishindo kile kilikuwa kimeshawarusha ndege. Tuta lilikuwa tupu, na wingu la kuaka lilikuwa linazunguka juu ya maji, likipoteza nguvu ambazo lilikuwa limezikusanya majira mazima. Yule mwenye mdomo wa kijiko hakuonekana tena.

Euan alikuja akikimbia kutoka vibandani, shati limefungwa vifungo vibaya. Alipoiona ile foleni, alipunguza mwendo. Alipomwona Ripeka, alisimama kabisa.

“Ni mimi,” alisema.

“Najua ni wewe.”

“Nilimwambia mtu mmoja tu.”

“Mmoja tu!” Huhana alidakia. “Mtu mmoja ana magari yote haya? Tajiri huyo, tuletee atuoe!”

“Huhana, tuache,” Ripeka alisema.

“Siachi kitu. Fundi miwani haoni hata lililo mbele ya pua yake. Kaka yangu amekaliwa kama benchi la kituo, na wewe...”

“Wifi. Nakuomba.”

Huhana alimeza yaliyobaki, akaondoka akimfuata mama yake. Walibaki wawili langoni, bomba likidondosha maji kati yao.

“Ulimwambia nani?” Ripeka aliuliza.

“Desmond. Yule mzee niliyekusimulia, aliyenifundisha ndege nikiwa mvulana. Amemtafuta ndege huyo maisha yake yote. Amekwenda hadi Urusi kumtafuta, akamkosa.” Alipitisha mkono usoni. “Macho yake yanaondoka, Ripeka. Nimempima mwenyewe. Kiangazi kijacho hataweza kumwona ndege hata akiwa mkononi. Nilimtumia picha nikamwambia, ‘Panda gari, njoo, usimwambie mtu.’ Na yeye naye alikuwa na rafiki mmoja wa kumwendesha.”

“Na rafiki naye alikuwa na rafiki mmoja.”

“Ndiyo.”

“Ninyi watu wa ndege mna ugonjwa gani? Hamwezi kuona kitu kizuri mkakaa nacho kifuani? Lazima mwite dunia nzima ije ishuhudie kwamba mmekiona?”

Euan hakujitetea, na hilo lilimuudhi zaidi. Alitaka abishane, ampe sababu ya kupiga kelele.

“Amemwona?” aliuliza, kwa hasira, maana hakutaka kuuliza.

“Nani?”

“Huyo mzee wako!”

“Hapana. Alikuta watu wamejaa, akabaki ndani ya gari. Alisema hawezi kusukumana. Ulipopiga kelele ndege wakaruka. Bado yuko garini. Ananiuliza kuna nini.”

Ripeka alihisi huruma inamchoma mahali ambapo alitaka pabaki na hasira peke yake. Alikunja mikono kifuani.

“Jana nilikupa kitu, Euan. Sikukupa ndege. Nilikupa mahali. Sijamleta mtu yeyote pale tangu Tamihana afe. Nilikulaza pale kando yake, nikakuacha unishike mkono mbele ya macho yake, na nilijiambia, kama ni kosa, nitalibeba mwenyewe. Na wewe ukaenda ukatuma picha.”

“Nipe nafasi nizungumze na Mama Mereana.”

“Umwambie nini?”

“Sijui. Lakini siwezi kupanda gari nikaondoka kama hao.”

“Ondoka tu. Nenda kamwambie mzee wako kuna nini. Anza na hilo.”

Aligeuka kabla Euan hajamwona analia, akajua kwamba ameshamwona.

*

Mama Mereana alikuwa mezani jikoni, mikono kwenye unga, lakini hakuwa anaukanda. Birika lilikuwa linachemka na hakuna aliyelisikia. Ripeka alilitoa motoni. Alimimina chai, akaiweka mbele ya mama mkwe wake, akakaa.

“Mama, nisamehe. Mimi ndiye niliyempeleka.”

“Najua. Niliwaona jana kutoka dirishani.”

Ripeka aliinamisha kichwa. “Hukusema.”

“Ningesema nini? Ulikuwa umelala kwenye majani unacheka. Nilikuwa sijakuona ukicheka tangu...” Mama Mereana aliuminya unga ukapita kati ya vidole. “Nilikasirika. Kisha nikaona haya kwamba nimekasirika. Kisha nikakasirika tena. Nikaenda kulala.”

“Mama...”

“Ngoja nimalize, mwanangu, maana nikinyamaza sitasema tena. Umemsikia yule mwanamke? ‘Hakuna jiwe. Nilidhani ni tuta tu.’ Nilitaka kumzaba kibao. Nilinyanyua mkono, uliniona? Hukuniona. Halafu nikajiuliza, nani aliyemfanya mwanangu awe tuta? Ni yule mwanamke na yai lake? Ni yule kijana na picha yake? Ni mimi. Kila wiki nabeba ndoo, namfukia kwa makombe, namfukia, ili asipate jiwe.”

“Paa lilikuwa linavuja,” Ripeka alisema taratibu.

“Usinichekeshe. Paa lile lilivuja siku ya harusi yako, na tulikula. Nilijua siku kitambaa kitakapovutwa, mwanangu atakuwa amekufa kweli. Na wewe utakuwa huru. Nitaamka siku ya pili, sina mtoto na sina mkwe. Huhana ana watoto wake na kelele zake. Nani atanimiminia chai?”

Ripeka alizunguka meza. Alimkumbatia kwa nyuma, shavu lake juu ya kitambaa cheusi, wakakaa hivyo, unga ukikauka mikononi mwa mzee.

“Sikukaa hapa kwa sababu ya jiwe,” Ripeka alisema. “Ungelifunua mwaka jana ningekuwa bado nipo. Ungeniuliza.”

“Niliogopa jibu.”

“Na mimi niliogopa swali.”

Mlango wa nje uligongwa. Euan alikuwa amesimama barazani, viatu ameviacha chini ya ngazi, mikono imelowa kutoka bombani. Hakuingia.

“Mama Mereana,” alisema. “Naomba niseme neno, kisha niondoke.”

“Umenawa?”

“Nimenawa.”

“Ingia basi. Ukisimama mlangoni unaniletea inzi.”

Aliingia, akasimama karibu na jiko kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini. Ripeka alirudi kukaa kwenye kiti chake, macho kwenye kikombe.

“Nimekosa,” Euan alisema. “Ningeweza kukueleza kwa nini, lakini sababu haitamwondoa yule mwanamke pale alipokaa. Nilionyeshwa mahali pa watu, nikaona ndege tu. Ndilo kosa lenyewe. Sijui mnavyofanya mtu akikosa hivi. Niambie nifanye nini, nitafanya.”

Mama Mereana alimtazama kwa muda mrefu. Euan, aliyezoea kutazama macho ya watu, safari hii alikuwa yeye anayepimwa.

“Jiwe litafunuliwa Aprili,” alisema mzee. Alimwambia Euan, lakini Ripeka alijua anayeambiwa ni yeye. “Kuaka watakuwa wameshaondoka na hakutakuwa na wageni. Nitampigia mchongaji leo. Amekuwa akiniuliza maneno ya kuandika, na mimi nikimdanganya kwamba natafakari.” Aligeuka. “Ripeka. Kwenye jiwe huwa tunaandika, ‘Mume mpendwa wa fulani.’ Nikuulize mbele ya huyu, ili pasiwe na jambo la kunong’onezana. Jina lako niliandike, au nisiliandike?”

Ripeka alihisi macho ya Euan juu yake na hakuyainua yake. Alimwona Tamihana akiingia kwa mlango uleule, ananuka maziwa, anaiba ukoko wa mkate na kuchapwa mkono na mama yake. Alimwona wazi kiasi kwamba alinyoosha vidole juu ya meza.

“Liandike,” alisema.

“Umefikiri?”

“Nilikuwa mke wake, Mama. Nikienda popote, nilikuwa mke wake. Liandike.”

Mama Mereana alitikisa kichwa kukubali. Kisha alimgeukia Euan, na safari hii sauti yake haikuwa na ukali, ilikuwa na uchovu.

“Umesikia. Jina lake litakuwa juu ya jiwe la mwanangu, litakaa hapo hata akiwa mzee, hata akizikwa kwingine. Kuna wanaume wanaodhani wanaweza, halafu baada ya miaka wanaanza kushindana na mtu aliyekufa, na mtu aliyekufa hashindwi. Wewe utaweza?”

Ripeka alitamani aseme ndiyo. Alitamani kwa nguvu zilizomshangaza, kwamba avuke chumba, aseme ndiyo, na yote yaishe.

“Sijui,” Euan alisema.

Alikuwa amepauka. “Nataka niweze,” aliendelea. “Lakini jana nilijiahidi mwenyewe moyoni kwamba sitamuumiza, na sikufika hata asubuhi. Sijui, Mama.”

Mama Mereana aliurudia unga wake. “Angalau huyu asipoona, anasema haoni,” alisema. “Msindikize, mwanangu. Asije akapotelea kwa akina Hetaraka.”

Walitembea hadi kwenye gari bila kugusana. Magari mengine yote yalikuwa yameondoka. Ndani ya gari la Euan, kwenye kiti cha mbele, alikaa Desmond, aliyehamishiwa humo, mzee mwenye miwani minene, mikono imekunjwa mapajani. Alipowasikia alivua kofia, akaishika kifuani, akainama kando kidogo ya pale Ripeka aliposimama. Ripeka naye aliinama, ingawa alijua hataonwa.

“Nikupigie?” Euan aliuliza.

“Usinipigie. Usiniandikie. Mpaka Aprili mimi bado ni mke wa mtu, na nataka niwe mke wake vizuri, bila kutegea sikio simu.”

“Na Aprili? Nikija, nakuja kama nani? Mgeni wa kibanda?”

“Kama utakuja.”

“Kama nitakuja. Nitajuaje kama nakaribishwa? Nikifika, niulize nani? Nije kwako?”

Upepo ulimpeperushia nywele usoni, akaziacha zilivyo. Kulikuwa na maneno mengi ambayo angeweza kumpa, na kila moja lingemrahisishia safari. Alimtazama machoni, kwa utulivu, kama alivyotazamwa naye siku zote.

“Njoo kwa Tamihana kwanza,” alisema. “Simama mbele yake umwambie ulilonalo. Mimi nitakuwa jikoni na wanawake wengine.”

Kisha aligeuka akarudi nyumbani, ambako chai ya Mama ilikuwa imepoa na nyingine ilitakiwa kumiminwa.